Manowari ya Bomba Tatu na Majina Yasiyoandikwa

Sisi tuliozaliwa Migato, katika nchi ya Wasukuma, hatukulelewa kando ya bahari. Habari za meli za vita tulizisoma shuleni kama mambo ya watu wa mbali. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba manowari moja iliyozama katika delta ya mto Rufiji mwaka 1915 imo pia katika historia yetu sisi wa bara, na kwamba namna inavyokumbukwa inalidai Kanisa neno.

Meli na mwisho wake

Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Watu wa pwani, walipoziona dohani zake, waliiita manowari ya bomba tatu. Vita vilipoanza ilikuwa tayari baharini chini ya Kapteni Max Looff, na mwezi Agosti iliiteka meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Omani. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo. Mabaharia 38 wa Pegasus walipoteza maisha.

Baada ya hapo mitambo ya Königsberg iliharibika, nayo ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza waliifungia njia ya kutokea baharini kwa miezi mingi. Mwezi Julai 1915 walileta Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi zilizoweza kuingia mtoni, huku ndege zikielekeza mizinga kutoka angani. Shambulio la tarehe 6 halikuimaliza. Tarehe 11, siku ya Jumapili tena, Looff aliamuru meli yake iliyokwisha kuvunjika izamishwe.

Wajerumani 33 walizikwa kando ya mto, na juu ya makaburi yao ukawekwa ubao wenye majina yao.

Waliovuta

Msomaji aangalie sasa jambo ambalo masimulizi mengi hulipita kwa sentensi moja. Meli ilipokuwa mafichoni, sehemu za mitambo yake zilizoharibika zilipelekwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha zikarudishwa Rufiji. Meli ilipozama, mizinga yote 10 ilitolewa majini, ikatengenezwa na kutumiwa katika vita vya nchi kavu. Mmoja ulifungwa katika meli Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo baadaye iliitwa Liemba.

Ni nani walioyavuta machuma hayo katika matope, mchanga na misitu? Ni Waafrika, kwa kamba na kwa mabega yao. Hakuna ubao wenye majina yao.

Hapo ndipo historia ya Rufiji inapofika Usukuma. Majeshi ya pande zote mbili yalitegemea wapagazi, nao walichukuliwa kutoka karibu kila sehemu ya nchi, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wapagazi waliokufa hufikia watu 95,000, na waliouawa na njaa, kuhara na malaria walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Ukumbusho usio sawa

Mizinga mitatu ya Königsberg imehifadhiwa hadi leo: mmoja Mombasa katika Ngome ya Yesu, mmoja Pretoria na mmoja Jinja. Chuma kimepata makao ya heshima katika nchi tatu. Waliokivuta hawana kaburi linalojulikana. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini kwa ujumla tu, bila jina hata moja. Labda ukumbusho wao ulio hai zaidi ni neno Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Maelfu hulitamka kila siku wakienda sokoni, wasijue wanamtaja nani.

Hali hii haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Watawala walikuwa wameamua kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina lake.

Kazi ya Kanisa

Uamuzi huo ulikuwa wa kiserikali, lakini chini yake lilikuwamo fundisho juu ya mwanadamu, nalo ni fundisho la uongo. Mungu tunayemhubiri huwaita watu wake kwa majina (Isa. 43:1), na Mchungaji Mwema huwajua kondoo wake mmoja mmoja (Yn. 10:3). Wengi wa wapagazi wale hawakuwa wamebatizwa. Hilo haliwaondoi katika kumbukumbu ya Muumba wao, wala halituondolei sisi wajibu.

Katika mapokeo ya Kilutheri yaliyotoka Ujerumani, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio hukumbuka wafu. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, siku hiyo sharika zetu ziwaombee wazao wa wapagazi na kumshukuru Mungu kwa uhai wa wale waliopotea njiani. Pili, wanafunzi wa vyuo vyetu, wanapokwenda likizo, wawaulize wazee wa koo zao ni nani aliyekwenda vitani asirudi, nao waliandike jina hilo. Waliowaona wapagazi kwa macho hawapo tena, lakini watoto wa wajukuu zao bado wapo, hata Migato.

Mabaki ya Königsberg yaliendelea kuvunjika hadi miaka ya 1960, yakadidimia katika tope la Rufiji. Chuma kimezama, na hatuna haja ya kukifufua. Watu wale hawakuwa chuma.