Mwendo wa Chombo Baharini: Sheria Ilivyopatikana

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia yenye faida kwa kila mtu apandaye chombo, awe nahodha, mvuvi au abiria. Tutatazama jinsi mataifa yalivyofikia kuuwekea sheria mwendo wa vyombo baharini. Nawe unayelisoma somo hili katika chapa, uwe na kalamu karibu, maana kuna hesabu ndogo ndani yake.

Tuanze na kipimo. Mwendo wa chombo hupimwa kwa mafundo, na jina hilo limetokana na kazi yenyewe. Mabaharia wa zamani wa Ulaya walikuwa na kibao kilichofungwa kamba ndefu yenye mafundo, yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Walikitupa kibao majini nyuma ya merikebu, kamba ikafunguka, huku mchanga ukishuka katika chupa ya kupimia muda. Mafundo yaliyopita mkononi hata mchanga ukaisha, hayo ndiyo yalikuwa mwendo wa merikebu. Siku hizi fundo moja ni maili moja ya bahari, yaani meta 1,852, kwa saa. Boti iendayo mafundo 10 hupita meta 5 hivi kila sekunde. Iendayo mafundo 20 hupita meta 10. Yaandikeni hayo, tutayahitaji.

Wakati wa matanga, sheria ya mwendo haikuwa na haja kubwa. Jahazi lililoshuka kutoka Arabuni kwa kaskazi lilikwenda kama upepo ulivyotaka. Mambo yaligeuka ilipokuja mashine ya mvuke. Meli ya mvuke iliweza kukabili upepo, kwenda usiku na mchana, na kushika njia moja bila kupinda. Basi meli zikaanza kukutana ana kwa ana katika njia nyembamba, na kila nahodha akidhani mwenzake ndiye atakayepisha.

Mwaka 1846 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba meli mbili za mvuke zinapokutana, kila moja ipite huku mwenziwe akiwa upande wake wa kushoto. Mwaka 1863 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kanuni moja, na muda si mrefu mataifa mengi yenye meli yakazifuata. Humo mlikuwamo mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, meli ya mvuke impishe mwenye tanga, maana mwenye mashine ana uwezo ambao mwenziwe hana. La pili, meli ya mvuke ikiwa katika ukungu iende kwa mwendo wa kiasi.

Mwendo wa kiasi. Neno hilo latosha kwa mtu mwenye busara, lakini kiasi cha nani? Nahodha wa meli ya haraka alipunguza kidogo tu, akaona ametimiza sheria. Mahakama za Marekani zilijaribu kumfunga kwa kipimo hiki: chombo kiweze kusimama ndani ya nusu ya umbali unaoonekana mbele. Kwa nini nusu? Kwa sababu nusu ya pili ni ya yule anayekuja.

Tufanye hesabu yetu. Tuseme ukungu au mvua imekuachia kuona meta 60 tu. Nusu yake ni meta 30. Ukienda mafundo 20, meta hizo 30 utazimaliza kwa sekunde 3. Katika sekunde hizo 3 yakupasa uone, ufahamu, upunguze mashine, nacho chombo kisimame. Nacho hakina breki kama gari. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne.

Historia ilionyesha ubaya wa kuliacha neno hilo wazi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic ilikuwa ikienda New York kwa mafundo 22 hivi. Ilikwisha kupokea maonyo ya barafu kwa simu ya upepo, lakini haikupunguza mwendo. Usiku ule hapakuwa na ukungu; hewa ilikuwa safi na bahari shwari. Walinzi walipouona mlima wa barafu, nafasi ya kugeuka ilikuwa haitoshi. Watu 1,500 hivi walikufa. Wengi wanajua kwamba mashua za kuokolea hazikutosha. Wachache wanajua kwamba mkataba uliotiwa sahihi London Januari 1914, kwa sababu ya msiba huo, uliweka pia amri ya mwendo: nahodha aliyepata habari ya barafu katika njia yake, usiku aende kwa mwendo wa kiasi au aigeuze njia.

Huenda mtu akasema, siku hizi tuna vyombo vya kutuonea mbali. Basi asikilize habari ya tarehe 25 Julai 1956. Meli ya Kitaliani, Andrea Doria, ilikuwa ikikaribia Marekani katika ukungu mzito. Meli ya Kiswidi, Stockholm, ilikuwa ikitoka New York. Zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja ilimwona mwenziwe katika rada kabla ya kumwona kwa macho. Andrea Doria ilipunguza mwendo kutoka mafundo 23 hadi karibu 22 tu. Zikagongana. Watu 51 walikufa. Chombo cha kuonea hakikuwasaidia, kwa sababu kiliwapa moyo wa kwenda upesi bila kuwapa uhakika wa walichokiona.

Mwaka 1972 mataifa yalizitengeneza upya kanuni za kuzuia kugongana baharini, nazo zikaanza kutumika mwaka 1977. Lile neno kiasi likaondoka, likaja neno salama. Kila chombo, kikubwa kwa kidogo, kiende wakati wote kwa mwendo wa salama, ili kiweze kukwepa na kusimama katika nafasi iliyopo. Nahodha apime mambo haya: umbali anaoona, wingi wa vyombo, uwezo wa chombo chake kugeuka na kusimama, taa za pwani zinazomchanganya usiku, upepo, mkondo, na kina cha maji. Angalieni kwamba kanuni haikutaja hesabu ya mafundo. Mafundo 15 huenda yakawa salama mchana kweupe katika maji mapana, nayo yakawa mauti usiku kati ya ngalawa.

Karibu na pwani, hata hivyo, nchi nyingi zimeona kwamba kumwachia nahodha kupima peke yake hakutoshi. Huko Ufaransa, ndani ya meta 300 kutoka ufukoni, mwisho ni mafundo 5. Huko New Zealand ni mafundo 5 ndani ya meta 200 kutoka pwani, na pia ndani ya meta 50 karibu na chombo kingine au mtu aliye majini. Mafundo 5 ni kama mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Kwa nini ukali huu pwani? Kwa sababu huko ndiko waliko watu wasio na mashine: watoto waogeleao, wapiga mbizi, wavuvi wa ngalawa, na watafuta pweza penye mwamba. Boti yaweza kumdhuru mtu bila kumgusa, kwa mawimbi inayoyaacha nyuma. Wenye injini za kupachika wakumbuke kwamba mawimbi makubwa kabisa hutokea katika mwendo wa katikati, omo likiwa limeinuka na shetri limezama. Kupunguza kidogo huenda kukazidisha mawimbi. Yafaa kupunguza mapema, mpaka boti ikae sawa majini.

Na mvuvi mdogo naye ana wajibu wake. Asiwe na taa iliyofichwa chini ya ubao. Awe nayo tayari, aionyeshe mapema. Hakuna awezaye kumpisha asiyemwona. Tena asikae katika mlango wa bandari mahali meli kubwa haina nafasi ya kugeuka.

Abiria, nawe usimhimize nahodha kwa kuwa umechelewa. Mwambie kwa heshima, "Nahodha, tupunguze, mbele hatuoni." Maneno hayo ndiyo kanuni nzima kwa ufupi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Boti inakwenda mafundo 10, nahodha anaona meta 40. Ana sekunde ngapi kabla ya kumaliza nusu ya umbali huo?

2. Katika pwani yenu, ni mahali gani ambapo watu wasio na mashine hukutana na boti za haraka? Mngependa mwendo uwe mafundo mangapi hapo, na nani asimamie?

3. Neno salama limelishinda neno kiasi kwa jambo gani?