Kutoka Akron hadi Boston: Nani Aliyelipia Safari ya Lori?

Anayesoma historia ya uchukuzi wa mizigo nchini Marekani mara nyingi huanzia kwenye reli, ambayo mwaka 1869 iliunganisha mashariki ya nchi hiyo na magharibi yake. Katika insha hii nitafuata njia nyingine, njia ya lori, kati ya miji miwili ya viwanda iliyo mbali: Akron katika jimbo la Ohio, na Boston katika jimbo la Massachusetts. Hoja yangu ni kwamba lori halikuipokonya reli mizigo kwa nguvu ya injini peke yake. Lilihitaji tairi, barabara, sheria na jasho la dereva. Kati ya hivyo vinne, jasho la dereva ndilo linaloandikwa kwa ufupi zaidi vitabuni.

Nimeichagua mada hii kwa sababu nimelelewa Tororo, karibu na mpaka wa Malaba, na katika ukoo wetu wamo madereva wawili wa malori ya masafa marefu. Nimewasikia mara nyingi wakihesabu siku walizokaa foleni bila malipo. Nilitaka kujua kama dereva wa nchi tajiri aliwahi kuikwepa shida hiyo. Jibu nililolipata ni kwamba wengi waliipunguza kwa muda, kisha sehemu kubwa ya walichokipata ikawaponyoka.

Akron ulijulikana kama mji mkuu wa mpira duniani. Kampuni za Goodrich, Goodyear na Firestone zote zilikuwa na makao yao huko. Hata hivyo, katika miaka ya 1910 malori mengi yalitembelea matairi ya mpira mgumu yasiyo na upepo. Matairi hayo yalistahimili uzito, lakini yalitikisa mzigo, yalichosha vyuma vya gari, yaliharibu barabara na kulazimisha mwendo wa pole. Paul Litchfield, mmoja wa viongozi wa Goodyear, aliamini kwamba tairi la upepo lingeweza kubeba lori zito. Wengi hawakusadiki.

Mwaka 1917 Goodyear ilijaribu kuwasadikisha kwa vitendo. Lori la Packard lililopewa jina la Wingfoot Express liliondoka Akron kuelekea Boston likiwa na matairi ya upepo. Umbali ulikuwa zaidi ya kilomita 1,000, unaokaribiana na ule wa kutoka Mombasa hadi Kampala. Safari ya kwanza ilikuwa ya mateso: matope, madaraja dhaifu na matairi kupasuka. Ilichukua wiki kadhaa. Lakini kampuni haikukata tamaa, na safari zilizofuata zikawa za siku chache tu.

Mambo mawili katika safari hizo yanastahili kuangaliwa vizuri. La kwanza ni mzigo wa kurudi. Lori lilipeleka matairi mashariki na kurejea na kitambaa cha pamba kutoka kiwanda cha Goodyear katika jimbo la Connecticut, kitambaa kilichotumika wakati huo ndani ya tairi. Halikurudi tupu. La pili ni kitanda kilichowekwa nyuma ya kiti cha dereva, ili mmoja alale wakati mwenzake anaendesha. Faida ya lori ilitegemea mambo hayo mawili tangu mwanzo: mzigo wa pande zote mbili, na mtu anayelala huku gari likitembea.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilisukuma mambo mbele. Reli zilizidiwa na shehena za vita hata serikali ikazitwaa mwezi Desemba 1917. Mwezi huohuo msafara wa malori ya jeshi uliondoka Toledo, Ohio, kwenda bandari ya Baltimore, ukapita milima ya Allegheny katika theluji. Badala ya kungoja mabehewa, malori yaliyokusudiwa kupelekwa vitani Ulaya yalijipeleka bandarini yenyewe. Baada ya vita, Harvey Firestone wa Akron aliendesha kampeni ya kuwahimiza wafanyabiashara kusafirisha kwa lori, jambo lisiloshangaza kwa muuza matairi.

Barabara ilichelewa. Mwaka 1919 msafara wa jeshi ulitumia siku 62 kutoka Washington hadi San Francisco, na miongoni mwa waliokuwamo alikuwa ofisa kijana, Dwight Eisenhower. Akiwa rais mwaka 1956, alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000, yaani takriban kilomita 66,000. Barabara kuu ya kulipia ya Ohio ilifunguliwa kwa urefu wake wote mwaka 1955, na sehemu kubwa ya ile ya Massachusetts mwaka 1957. Safari ya Akron hadi Boston iliyokuwa ya wiki sasa iliweza kumalizika kwa siku moja.

Huku nyuma, sheria nayo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1930 ndugu wawili, Galen na Carroll Roush, walianzisha kampuni ya Roadway mjini Akron. Kazi ambayo kampuni kama hiyo ilikuja kujulikana nayo ni kukusanya mizigo midogo ya wateja wengi, kuipanga kwenye kituo, kuijaza katika tela moja, na kuigawa tena mwisho wa safari. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Yeyote mwenye lori aliweza kushusha bei ili apate mzigo, na reli zililalamika kwamba zenyewe zilikuwa chini ya sheria tangu mwaka 1887 ilhali malori yalikuwa huru.

Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoyaweka malori yanayovuka mipaka ya majimbo chini ya tume ileile iliyosimamia reli. Waliokuwa tayari barabarani walitambuliwa. Mgeni alitakiwa kuthibitisha kwamba huduma yake ilihitajika na umma. Kibali kingeweza kutaja njia ya kupita na aina ya bidhaa, na bei zilipaswa kuwasilishwa kwa tume. Mwaka 1948 Bunge liliruhusu kampuni kupanga bei kwa pamoja, licha ya Rais Truman kuipinga sheria hiyo kwa kura yake ya turufu.

Ulinzi huo wa kampuni uliwapa madereva nafasi. Chama chao cha Teamsters kilikuwa kimepata nguvu tangu mgomo wa Minneapolis wa mwaka 1934. Sheria ya kazi ya mwaka 1938, iliyowapa wafanyakazi wengi haki ya malipo ya ziada kwa saa za ziada, haikuwahusu madereva wa aina hii. Walichonyimwa na sheria walikitafuta kwa mkataba. Mwaka 1964 Jimmy Hoffa alifanikisha mkataba mmoja wa kitaifa uliowahusu zaidi ya madereva na wafanyakazi wa mizigo 400,000. Mwaka huohuo mahakama ilimtia Hoffa hatiani kwa kuwaingilia wazee wa baraza. Mwanahistoria hapaswi kuficha lolote kati ya hayo mawili. Kiongozi alikuwa na doa, na mkataba ulikuwa na manufaa.

Kufikia miaka ya 1970 wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Gari liliweza kwenda limejaa na kurudi tupu, si kwa kukosa mzigo, bali kwa sababu kibali hakikuruhusu kuubeba. Mteja alilipia safari zote mbili. Somo la Wingfoot Express lilikuwa limesahauliwa na sheria yenyewe. Tarehe 1 Julai 1980 Rais Carter alitia saini sheria iliyofungua mlango kwa kampuni mpya na kuruhusu ushindani wa bei. Katika muongo mmoja idadi ya kampuni zilizosajiliwa iliongezeka zaidi ya maradufu, na gharama za usafirishaji zikapungua.

Lakini mshahara halisi wa dereva nao ulishuka, na nguvu ya chama ikapungua. Michael Belzer, aliyewahi kuwa dereva kabla ya kuwa msomi, alieleza mabadiliko hayo mwaka 2000 katika kitabu chake Sweatshops on Wheels. Akron nao ulikuwa umebadilika: katika miaka ya 1980 utengenezaji wa matairi ya magari madogo ulikoma katika mji huo. Roadway ilinunuliwa na mshindani wake Yellow mwaka 2003, na Yellow yenyewe ikafunga milango mwaka 2023, wafanyakazi wapatao 30,000 wakapoteza ajira.

Sisemi kwamba sheria ya 1935 irudishwe. Gari tupu ni hasara kwa kila mtu, na kibali kinachomlinda tajiri dhidi ya mgeni si haki. Ninachosema ni kwamba mwaka 1980 gharama haikufutika yote. Sehemu yake ilihamishiwa kwa dereva.

Kwa kuhitimisha, tuitazame safari hiyohiyo leo. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14 tangu aanze kazi. Kutoka Akron hadi Boston ni mwendo wa takriban saa 10, kwa hiyo unaingia ndani ya zamu moja. Lakini ghala likimweka saa 4 au 5 kabla ya kumpakia, saa 14 zinaendelea kuhesabiwa, na akiwa analipwa kwa maili, muda huo haumpi kitu au unampa kidogo. Usiku utamkuta njiani, Boston bado iko mbele, na itambidi atafute pa kuegesha. Tairi lipo, barabara ipo, sheria ipo. Saa za kungoja bado zinadaiwa, na ni yeye anayezilipa.