Unatoa CD? Jua utaiuzia wapi kabla uchague kava

Umemaliza kurekodi ngoma kumi. Prodyuza amelipwa, miksi imeisha, na M-Pesa imebaki na vidoh vya kuhesabu. Hapo ndipo wasee wengi huingia tao na kuitisha kava ya kwanza wanayoonyeshwa, bora tu CD zitoke kabla ya shoo ya Jumamosi. Miezi miwili baadaye nusu ya boksi bado iko chini ya kitanda.

Najua kuna mtu ashauliza: CD, kwani tuko mwaka gani? Sawa, muziki mwingi umehamia kwa simu. Lakini enda kanisa kubwa yoyote Jumapili kwaya ikizindua albamu, uone vile watu wamejaa kwa meza ya mauzo. Kuna wazee wa Probox na Vitz zilizotoka Japani zikiwa na redio ya kumeza CD. Kuna shabiki ametoka kudensi kwa shoo yako na anataka kitu cha kusainiwa. Kuna shangazi anarudi majuu na anatafuta zawadi ya kubebea watu. Hawa wote wako na YouTube. Ile pesa wanakupatia ni ya kitu cha kushika mkononi, na tusidanganyane, hicho kitu nusu yake ni kava.

Kwa hivyo usianze na "gani inakaa poa?" Anza na hii: CD itauziwa wapi, nani ataibeba hadi huko, na mnunuzi ataiweka wapi akifika kwake?

Ile ya nailoni itakufananisha na feki

Tuanze na ya bei ya chini kabisa: mfuko laini wa nailoni, au bahasha ya karatasi yenye kadirisha, na fotokopi ya picha yako ndani. Haina uzito, haivunjiki, na mia moja zinaingia kwa begi ya mgongoni bila stress.

Shida ni kwamba ndiyo hiyo hiyo wauzaji wa CD feki wametumia miaka yote kando ya barabara. Mteja ameizoea, na ameizoea pamoja na bei yake: finje. Sasa ukitia kazi yako ya mwaka mzima ndani ya huo mfuko halafu umwambie ni 300, atakuangalia kama mtu anataka kumkula pesa. Kwani yeye atajuaje wewe ndiye mwenye wimbo? Macho yake yameona feki, na mdomo wake utaitisha bei ya feki.

Iache hiyo iwe ya demo, zile za kupelekea madijei na watangazaji, ambapo hakuna mtu analipa. Na hata hapo andika jina lako, jina la ngoma na namba ya simu kwa CD yenyewe, juu mfuko hupotea siku ya kwanza.

Kesi ngumu ya plastiki

Hii unaijua. Inafunguka kama kitabu na inalia "ka!" ukiifunga. Ukifika dukani itisha jewel case, hilo ndilo jina lake. Iko na CD tangu Philips na Sony walipoingiza CD sokoni mwaka wa 1982, na vipimo ni vilevile: upana milimita 142, urefu 125, unene 10. Ina vipande vitatu, yaani kifuniko, kitako, na trei yenye meno ya katikati yanayoshika CD.

Sifa yake kubwa ni kwamba kila mtu akiiona anajua hiyo ni orijino. Mbele inameza kijitabu, kwa hivyo mashairi ya nyimbo, picha na shukrani kwa mama vyote vinapata nafasi. Kurasa za kijitabu cha kushonwa na stepla huenda kwa nne: 4, 8, 12. Usimpelekee msee wa kuchapa kurasa 6 za kushona, mtakosana. Nyuma kunaingia karatasi ya milimita 151 kwa 118, ambayo pande zake mbili hukunjwa kufanya migongo ya milimita 6.5. Huo mgongo usiudharau. Dijei mwenye CD mia tatu kwa rafu anasoma migongo tu. Kama jina lako haliko hapo, wewe hauko.

Na kitu kingine poa: kesi ikipasuka, unanunua tupu na kuhamisha karatasi zako. Kazi haijafa.

Lakini itapasuka. Hiyo plastiki inakaa ngumu ila ni nyepesi kuvunjika, hasa yale masikio mawili madogo yanayoshika kifuniko. Kwaya ya binamu yangu iliwahi kutuma boksi zao Kisumu na basi la usiku. Mtu akaziwekelea gunia. Asubuhi ya uzinduzi walifungua boksi wakakuta vifuniko vimeachana na vitako, meno yamevunjika, na CD zinacheza ndani zikijikwaruza. Waliketi nje ya kanisa wakitoa kesi nzima kutoka kwa moja na trei kutoka kwa ingine, ibada ikiendelea. Zile zilizobaki mbovu waliuza nusu bei, na zingine zikapeanwa bure.

Piga pia hesabu ya mzigo. Kesi moja ikiwa na CD na kijitabu inakaribia gramu 100. Mia tatu ni kama kilo 30, na ukizipanga moja juu ya ingine ni mnara wa mita 3. Hiyo si kitu unabeba na mathree ukishuka Githurai. Kama utauzia mahali pamoja, kwa meza, na gari la mtu litazifikisha, hii kesi ni sawa kabisa. Kama unatembeza mkononi, ama utatuma mashambani, fikiria tena. Na ukiichukua, nunua kesi tupu za ziada, angalau kumi kwa kila mia.

Kuna ndugu yake mwembamba, wa milimita 5 hivi. Inabeba karatasi ya mbele tu, na kwa kawaida haina mgongo wa kuandikwa jina. Kwa singo au EP ya ngoma nne imeweza. Kwa albamu, mnunuzi anahisi kama amepewa nusu.

Digipak: tamu, lakini ngoja kwanza

Hii ndiyo ile ya kadibodi iliyochapwa rangi nje na ndani, halafu trei ya plastiki imegundishwa na gluu. Inafunguka kurasa nne au sita. Ukiishika unajua mwenyewe hakuwa anacheza, na kwa shoo kama za Alliance Française, watu wa kununua kazi ya sanaa wataiangalia mara mbili.

Sasa upande wa pili. Meno ya trei yakivunjika, kava yote imeenda, hakuna kipuri. Kona zake huanza kuchakaa na kuwa nyeupe ikikaa kwa begi. Maji ni adui. Na kukata ile kadibodi kunahitaji kifaa maalum cha umbo hilo, kwa hivyo ukiagiza chache, kila moja inakuwa ghali sana. Maoni yangu: kama hii ni CD yako ya kwanza na hujui kama watu hamsini watanunua, achana nayo. Ngoja ya pili.

Kadibodi ya kawaida, chaguo la hasla

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Ni kava ya kadi nzito, kama gramu 300, iliyokunjwa na kugundishwa, CD inaingia kutoka upande mmoja kama santuri za wazee. Hakuna plastiki ya kuvunjika. Ikiwa na CD ndani inakaa chini ya gramu 50, kwa hivyo yule shangazi wa majuu anaweza kubeba ishirini bila kulipia begi. Na maduka mengi ya kuchapa tao yenye mashine za kidijitali yanakubali oda ndogo, kwa hivyo unaweza kuanza na 50, uuze, urudi.

Mteja naye haoni mfuko wa feki. Anaona picha yako imejaa mbele na nyuma, kitu kimetengenezwa kwa makusudi. Wale wa kando ya barabara hawajisumbui hivyo.

Ina makosa yake, na yote yana dawa. La kwanza ni mikwaruzo, juu CD inateleza ikigusana na kadi kila ikitolewa. Weka kamfuko laini ndani. Na hapa watu wengi huogopa upande usiofaa. Upande unaong'aa una plastiki nene kabla ufikie muziki, kwa hivyo mkwaruzo mdogo mara nyingi haufanyi kitu. Ni upande wa juu, ule wa picha, ambapo muziki umefunikwa na rangi na vanishi nyembamba tu. Ukikwaruza hapo hadi ndani, hiyo ngoma haitarudi. Ndiyo maana hata kuandika na biro ni noma. Tumia kalamu laini ya wino wa maji.

La pili ni mikunjo. Dizaina anapenda nyeusi, wewe unapenda nyeusi, na kadi nyeusi ikikunjwa inapasuka mstari mweupe. Itisha mstari wa kukunjia upigwe kabla, na kava iwekwe lamineti. La tatu ni mgongo: kadi ya kawaida haina. Omba waongeze milimita 3, jina lako liingie hapo.

Kama kazi yako ni ya video, basi ni kasha la DVD, urefu milimita 190, upana 135, unene 14. Gospo ya hapa imeuzwa sana hivyo kwa sababu poster inaonekana kutoka mbali. Lakini usiweke nyimbo za kusikiza tu ndani ya kasha la DVD. Mama atafika nyumbani, aite watoto waketi mbele ya TV, na skrini ikae nyeusi. Jumapili ijayo atakutafuta.

Kabla hujalipa

Wengi wetu huchoma CD moja moja na kompyuta. Kupiga CD kiwandani kunahitaji kutengeneza masta ya glasi kwanza, na hakuna maana kwa oda ya mia. Lakini CD ya kuchoma ina rangi ndani isiyopenda jua, na wateja wako watazitupa kwa dashibodi. Kava isiyopitisha mwanga inasaidia hapo. Usibandike stika ya karatasi juu ya CD pia. Joto la gari likiibandua ndani ya redio ya kumeza, utakuwa umemharibia mtu redio, na atakumbuka jina lako vizuri. Nunua zile za kuchapwa moja kwa moja juu.

Kwa dizaini, itisha kiolezo kutoka kwa atakayechapa kabla dizaina aanze. Picha iwe dpi 300, na iongezwe milimita 3 kila upande wa kukatwa. Picha iliyopitia chati ya WhatsApp imeshabanwa, itatoka na ukungu. Itume kama faili au kwa barua pepe.

Nyuma weka orodha ya ngoma, mwaka wenye alama ya ℗ kwa rekodi na © kwa mashairi na picha, simu ya kualikwa shoo, na namba ya till. Mtu ameketi kwa gari la rafiki akisikiza ngoma yako anaweza kutuma doh hapo hapo. Acha pia nafasi tupu ya stika ya KECOBO, ile ya kuonyesha kazi ni halali. Nimeona watu wakiibandika juu ya uso wao wenyewe kwa sababu dizaina hakuacha pahali.

Kwa bei, usilinganishe kava na kava. Linganisha na zile zitakazouzika. Tuseme CD ndani ya kesi ngumu inakutoka 150 kila moja, na umetengeneza 100. Hiyo ni 15,000. Zikipasuka 12, zile 88 zimebeba mzigo wote, na kila moja sasa imekutoka kama 170. Kadi ya 120 isiyopasuka imekushinda kwa finje nzima, na bado hujalipa nauli ya boksi.

Kama bado huna uhakika, omba moja ya kila aina, tia CD ndani, na utembee nazo kwa begi yako wiki moja. Panda nazo mat, kalia moja, sahau ingine kwa jua. Ijumaa zitoe uziweke kwa meza, halafu muulize mtu asiyekujua angelipa ngapi kwa kila moja.