Nyumba Njema si Mlango: Pambo la Nyumba katika Nchi ya Mara

Watu wa pwani huisema methali hii tangu utotoni, kwamba nyumba njema si mlango. Na bado hapana watu katika Afrika ya Mashariki walioupamba mlango kuliko wao. Fundi wa Unguja na Lamu alitia nakshi mbao za mvule na msaji, akachonga minyororo, mawaridi na samaki, ili mpita njia ajue hadhi ya mwenye nyumba kabla ya kupiga hodi. Na aliyekaribishwa ndani, katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate, alikuta zidaka zilizojengwa ukutani safu juu ya safu, na ndani yake sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka Uchina. Kwa macho yaliyozoea hayo, nyumba za zamani za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zilionekana kuwa hazina pambo. Hukumu hiyo ilitolewa mlangoni, nayo methali inakataza jambo hilohilo.

Tarime ni nchi ya Wakurya, nchi ya juu yenye mvua na baridi, iliyopakana na Kenya. Kusini yake, katika wilaya ya Serengeti, wamo Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, majirani wa mbuga kubwa ya wanyama. Jamii hizi zimetofautiana katika mengi, lakini zilirithi nyumba za namna moja: msonge wa duara, kuta za miti na fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi lenye ncha. Katika boma la Mkurya zizi la ng'ombe lilikuwa ndilo moyo, na nyumba zililizunguka. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na ndani ya nyumba hiyo yeye ndiye aliyeamua kila kitu kikae wapi. Basi historia ya pambo la nyumba katika Mara ni historia ya mikono ya wanawake, ijapokuwa waliojenga kuta na kuezeka paa walikuwa zaidi wanaume.

Kanuni ya kwanza ilikuwa moto. Nyumba haikuanza kupangwa kwa kitanda wala kwa kiti. Ilianza kwa mafiga. Yakishawekwa mawe yale matatu, vitu vyote vilijipima kwayo: kitanda upande huu, ndama na mbuzi wachanga upande ule, kuni karibu na mkono wa mpishi. Wakurya wanaliita jiwe la jikoni *irigiha*, na jina hilohilo ndilo wanaloliitia tawi la ukoo, maana waliotoka katika jiko moja ni ndugu. Mtu wa Lamu hatashangaa. Yeye naye hutumia neno mlango kwa maana ya ukoo, kana kwamba kizazi chote kilipita katika kizingiti kimoja. Tofauti ni kwamba mmoja alichagua mahali watu wanapoingilia, na mwingine akachagua mahali wanapoketi kula.

Kanuni ya pili ni kwamba kilichopendeza kilikuwa na kazi. Ukuta ulisiribwa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, nao ukawa laini, usio na ufa wa kuficha wadudu. Kulainisha kwa kiganja hadi ukuta ung'ae kulikuwa ni usafi na urembo kwa pamoja. Vibuyu vya maziwa vilining'inizwa juu, mbali na panya na watoto. Vilisafishwa kwa vijinga vya moto, ndiyo maana maziwa yake yana harufu ya moshi ambayo mgeni huishangaa na mwenyeji huitamani akiwa ugenini. Moshi wenyewe, ambao mgeni aliuona kuwa ni adha, ulikuwa fundi wa nyumba: ulifukuza mchwa na dumuzi, ukakausha nafaka iliyowekwa darini, ukazipaka nyasi za paa rangi nyeusi inayong'aa, na kulifanya paa lidumu. Ukutani huenda likatundikwa litungu, kinanda cha Wakurya chenye nyuzi nane na sauti nzito. Hilo lilikuwa pambo siku za kawaida, na siku ya ngoma likashushwa likasema.

Kanuni ya tatu yaweza kumfikirisha mtu wa pwani zaidi ya zote: kitu cha thamani kubwa hakiwekwi mbele ya macho. Waikoma wanazo pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo masimulizi yao yanasema zilitoka kwa mganga wa Kitatoga. Pembe hizo ni amana ya kabila zima. Hazikuwekwa ili zionwe na kila ajaye, bali zilihifadhiwa na waliokabidhiwa, na heshima yake ilikuwa katika kufichwa. Pwani iliifahamu adabu hiyo. Siwa ya Pate, ambayo pia ni ya pembe ya ndovu, haikutolewa ila kwa jambo kubwa. Na jumba la mawe la Lamu lilijengwa kwa daraja, kutoka daka la mlangoni hadi chumba cha ndani kabisa, na kila hatua ilizidi stara. Zidaka zenye kaure hazikuelekea njiani. Zilielekea ndani, kwa wenyewe.

Kanuni ya nne ndiyo iliyozibeba zile tatu: nyumba hupambwa kwa watu. Katika desturi ya Wakurya nyumba ya mke haikuwa jengo tu. Ilikuwa na mali yake. Ng'ombe walioingia kwa mahari ya binti walikuwa wa nyumba aliyozaliwa, nao ndio waliomwozesha kaka yake wa tumbo moja. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume ilihesabika kuwa inakufa hata kama kuta zake zimesimama, na kwa ajili hiyo ikawapo *nyumba ntobhu*: mwanamke asiye na mwana humtolea mahari mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa huitwa wa nyumba yake.

Kanuni hizi hazikukaa katika nchi tulivu. Katika karne ya 19, hofu ya mashambulio ya Wamasai iliwafanya watu wa pande za Ngoreme wazungushie makao yao kuta za mawe. Baadaye serikali ya kikoloni iliandikisha vijana wengi wa Kikurya katika jeshi la King's African Rifles, nao walirudi na mishahara, masanduku ya bati na picha zao wamevaa sare. Kahawa ikaleta fedha katika vilima vya Tarime. Mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na nchi ambayo Waikoma na Wanata waliiwinda ikawa na mpaka. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji: watu waliacha maboma yaliyotawanyika wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na zizi likaacha kuwa moyo wa makao.

Lakini badiliko lililoingia hadi ndani ya chumba lililetwa na kona na bati. Msonge hauna kona. Kitanda cha fundi seremala, kabati na kochi havina pa kuegemea katika ukuta wa duara. Aliyenunua samani alihitaji nyumba ya pembe nne. Na aliyejenga nyumba ya pembe nne aliiezeka kwa mabati, ambayo hayapumui kama nyasi na ambayo moshi huyachakaza. Hivyo moto ukatolewa nje, ukapewa kibanda chake. Mafiga yakaondoka katikati ya nyumba, na mahali pake pakaja sebule: meza ndogo, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda, picha ya Mwalimu Nyerere, cheti cha shule ndani ya kioo. Mikono iliyosiriba ukuta ndiyo inayofuma vitambaa. Aliyepoteza kitu hapo ni mgeni wa usiku na mjukuu, waliokuwa wakisimuliwa habari za ukoo kando ya jiwe lenye jina la ukoo.

Wakati huohuo vyombo vilivyotoka darini vilipata makao mapya. Hoteli za watalii hupamba kumbi zake kwa vibuyu, vigoda na ngao, vitu vilivyoachishwa kazi. Na juu ya kilima cha Sasakwa, wilayani Serengeti, imejengwa hoteli ya kifahari kwa mfano wa jumba la Kiingereza la enzi ya Mfalme Edward. Mgeni aliyevuka bahari kuja kuiona Mara analala katika nyumba ya nchi za kwao.

Hata hivyo asifiwaye asisifiwe kupita haki yake. Kanuni ya nne ilikuwa na upande wake wa giza. Ikiwa nyumba hupambwa kwa ng'ombe wa mahari, basi binti huweza kuhesabiwa kuwa ni mlango wa kuingilia ng'ombe, akakeketwa na kuozwa kabla ya umri. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini sheria iliandikwa mbali na jiko. Mwaka 2014 ilifunguliwa mjini Mugumu nyumba ya kuwapokea wasichana wanaoukimbia ukeketaji. Watu waliiita Nyumba Salama. Binti aliyetembea usiku kuifikia hakuuliza nakshi ya mlango wala rangi ya ukuta. Aliuliza kama mlango utafunguliwa.

Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka, akawaona ndege wamelala katika zidaka zilizobeba kaure. Pwani inayajua magofu yake kwa mawe ya matumbawe. Mara inayo matongo. Neno hilo ni la Kiswahili, na ni la huko pia: makao ya Mwalimu Nyerere, Butiama, yanaitwa Mwitongo, yaani penye mahame ya wazee. Katika tongo la msonge hapana ukuta wala kidaka. Mvua imekwisha kuurudisha udongo kwa udongo. Mara nyingi kinachosalia ni mawe matatu yaliyoungua upande mmoja. Ajuaye kusoma ataona yalivyoelekeana, na kutokana nayo ataweza kusema kitanda kilikaa wapi, ndama walilala wapi, na mama wa nyumba aliketi upande gani.