Hapa ni wapi? Kaneno ka Ashoka

Leo tuache habari za mitihani na bumu, twende India ya kale. Kuna kaneno ka Kisanskriti, iha, maana yake "hapa". Kafupi, lakini kamebeba sheria nzima.

Mfalme Ashoka, aliyetawala takriban mwaka 268 hadi 232 KK, alichongesha amri zake kwenye miamba. Nyingi ziliandikwa kwa Kiprakriti, lugha za watu wa kawaida, na humo iha inageuka hida au idha. Amri ya kwanza inasema: hapa asichinjwe kiumbe yeyote kuwa kafara.

Sasa hapa ni wapi jamani? Ikulu? Mji mkuu Pataliputra, yaani Patna ya leo? Au dola nzima? Kama ni mji mkuu, mfalme anasafisha kwake kwanza. Kama ni dola nzima, basi makuhani wa Veda wamepigwa marufuku kuchinja kafara zao kila mahali. Hapo ni kesi nyingine kabisa!

Kiswahili kingembana Ashoka achague: hapa, huku, au humu? Iha inabeba zote tatu.

Bahati nzuri kuna ushahidi. Katika amri ya tano, nakala nyingine zinataja "hapa" na miji ya nje. Nakala ya Girnar, Gujarat, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mji mkuu, haina "hapa", imeandikwa Pataliputra. Naona mwandishi wa kule alishtuka: msomaji si atadhani ni hapa mwambani? Akaweka jina la mji, mambo yakaisha.

Tena ile amri ya kwanza inaendelea na jiko la mfalme: zamani wanyama malaki kwa siku, sasa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja. Hizo ni habari za nyumbani kwake.

Ila wanaosema dola nzima nao wana hoja. Katika amri ya kwanza, Girnar wameacha idha vilevile. Na kama inahusu mji mkuu tu, kwa nini ichongwe mbali hivyo?

Mimi nipo na mji mkuu. Nadhani huko mbali ilichongwa ili watu waone mfano wa mfalme, waige wenyewe. Watu wa historia na wa sheria, leteni hoja. Nawasilisha.