Tarehe ya Upote wa Wahadzabe

Hizi ni habari za upote wa uta katika nchi ya Eyasi, kama zilivyopokewa kwa wazee. Zimeandikwa kwa kuwa wapo wasemao Wahadzabe, wawindaji wa nchi hiyo, walifunzwa uta na wakulima. Sivyo.

Wa kwanza nchini walikuwa Akakaanebe, majitu yenye manyoya mwili mzima. Hawakuwa na moto wala silaha. Jitu lilimkazia mnyama macho, mnyama akaanguka akafa, nyama ikaliwa mbichi. Wakafuata Xhaaxhaanebe, wakubwa vilevile ila bila manyoya. Hao waliwinda kwa mbwa, maana wanyama walikwisha kuwaogopa watu. Ndipo wakaja Hamakwabe, waanzilishi wa uta na mshale. Kila upote unaovutwa leo Yaeda na Mang'ola asili yake ni kwao.

Upote hutengenezwa hivi: pundamilia akichunwa, ukano hutolewa mzima, ukaparuzwa nyama na kuanikwa. Ukikauka hupondwa mpaka uchambuke nyuzi. Nyuzi hutafunwa zilainike, kisha husokotwa juu ya paja, mpya ikiungwa kabla ya ile ya kwanza kwisha, ili maungo yasikutane pamoja. Hapo ndipo fundi hujulikana: upote usiolingana unene hukatikia penye wembamba. Ukishasokotwa hukazwa ukauke. Adui yake ni mvua, kwani ukano ukilowa hulegea.

Chuma cha mishale na visu kilitoka kwa majirani, Wanyisanzu na Wadatoga, hilo halikanushwi. Lakini itazameni lukuchuko, kamari ya wanaume ya kurusha vipande vya magome ya mti. Mtu hutia dau mishale ya chuma, visu na shanga, akaondoka mikono mitupu. Uta wake, mishale yake isiyo na sumu na mfuko wake wa ngozi havitiwi dau kamwe. James Woodburn, mtafiti aliyeishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliliandika jambo hili. Vitu hivyo vitatu kila mwanamume hujitengenezea mwenyewe. Upote ungekuwa wa kupewa na jirani, ungechezewa kamari kama kisu.

Baada ya Hamakwabe, sasa ni zama za Hamaishonebe, ndizo zetu. Mwaka 1964 serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini wakalime. Wengi walirudi porini kuwinda kwa uta. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000.