Kilabu cha pombe

Kilabu cha pombe (wingi: vilabu vya pombe) ni mahali ambapo pombe ya kienyeji huuzwa na kunywewa, kwa kawaida karibu na palipopikwa, na mara nyingi muuzaji ndiye mpishi mwenyewe. Vilabu vya namna hii viko sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Makala hii inahusu hasa vile vya Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, ambako pombe hupikwa kwa nafaka: mtama, uwele na mahindi.

Neno "kilabu" limetoka katika Kiingereza, na asili yake ni moja na ile ya klabu ya mpira. Matumizi yamezitenganisha: mtu anayesemwa kuwa "yuko kilabuni" hadhaniwi kuwa yuko mazoezini.

Pombe yenyewe

Wagogo, ambao ni wenyeji wa sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma, huita pombe ya nafaka ujimbi. Upishi wake huanza siku kadhaa kabla ya kunywa. Nafaka hulowekwa, kisha hutandazwa na kufunikwa mpaka ichipue. Machipukizi yakionekana hukaushwa juani na kusagwa, na unga huo huitwa kimea. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyoweza kugeuza wanga kuwa sukari, na bila kimea uji utabaki kuwa uji tu.

Unga wa nafaka isiyochipua hupikwa uji mzito, huachwa upoe, halafu kimea hutiwa. Bakteria wanaotengeneza asidi huupa uji ladha ya uchachu. Kinywaji cha hatua hii ya mwanzo, ambacho kilevi chake ni kidogo sana au hakipo, ni togwa, na hupewa hata watoto. Baadaye hamira za asili huila sukari na kutoa alkoholi. Mpishi anaweza kuchemsha mchanganyiko na kuongeza kimea kwa mara ya pili, kisha huchuja makapi. Kinachobaki ni kinywaji kizito chenye rangi ya udongo, na ndani yake kuna chembe za unga. Ndiyo maana wanywaji wengi husema wameshiba kabla ya kulewa. Kilevi chake kwa kawaida hakizidi cha bia ya chupa.

Tofauti kubwa na bia ya kiwandani iko katika kukaa. Bia ya chupa huchujwa na kupashwa moto ili hamira zife, nayo hukaa miezi. Ujimbi una hamira hai. Siku ya kwanza ni mtamu, siku ya pili umekolea, na siku ya tatu au ya nne umekuwa mchungu na mkali hata wazoefu wakaukataa. Hauwezi kusafirishwa mbali wala kuwekwa ghalani, na dumu likifungwa sana huvimba au hupasuka.

Kilabu kilivyo kinatokana na jambo hilo. Mama aliyepika lazima auze yote kwa siku moja au mbili, la sivyo hasara ni yake. Kwa hiyo hupika kidogo kidogo, na wapishi wa mtaa mmoja hupokezana zamu. Kilabu huwapa wateja mahali pamoja pa kuendea: mpishi wa leo si wa jana, lakini anayefika anajua atakuta pombe.

Historia

Kabla ya vilabu, pombe ya uwanda wa kati haikuwa hasa bidhaa ya kuuza. Ilipikwa kwa ajili ya harusi, jando, matambiko na kilimo. Mwenye shamba kubwa alipika pombe, akawaita majirani kupalilia au kuvuna, na jioni wakanywa pamoja. Wazungu Richard Burton na John Speke, waliopita Ugogo mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, walikuta pombe ya nafaka ikiwa kinywaji cha kawaida katika nchi za bara.

Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 ilileta wafanyakazi wa mshahara ambao hawakuwa na mashamba wala wake wa kuwapikia. Hapo pombe ikapata bei. Jambo hilo lilitokea katika miji mingi ya Afrika wakati wa ukoloni, na serikali ziliona ndani yake hatari na fedha pia. Mji wa Durban, Afrika Kusini, ulianza mwaka 1909 kuendesha kumbi zake wenyewe za pombe na kuwakataza wanawake kupika, na faida ikagharamia usimamizi wa Waafrika mjini. Nairobi ilifuata mfano huo katika miaka ya 1920.

Katika Tanganyika wanawake hawakuondolewa katika biashara kwa kiasi hicho, lakini waliwekewa masharti. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri kuhusu kutengeneza na kunywa vileo. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1966 ilidhibiti unereshaji wa moshi, yaani gongo, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaweka utaratibu wa leseni. Tangu hapo mpaka uko wazi kisheria: pombe iliyochachuliwa inaweza kuuzwa kilabuni kwa leseni, lakini gongo iliyonereshwa nyumbani ni marufuku. Kilabuni penyewe mpaka huo si wazi kila mara.

Mahali penyewe

Kilabu cha kijijini huwa ni banda la miti na bati, au mbuyu wenye kivuli na magogo ya kukalia. Mjini huweza kuwa jengo la matofali lenye vyumba vidogo, kila mpishi na chake, na uwanja katikati. Pombe huwekwa katika ndoo, mapipa ya plastiki au vyungu. Hupimwa kwa kata, jagi au kopo, na si ajabu watu kadhaa kuchangia chombo kimoja kinachozunguka. Vibuyu vimepungua sana mbele ya plastiki.

Mgeni anayefika mara ya kwanza atatarajiwa kuwasalimu waliokuwapo kabla ya kuagiza, akianza na wazee. Anayehudumia huonja kwanza mbele ya mteja, desturi inayoelezwa kuwa ni kuonyesha kwamba kinywaji hakina sumu. Kuonja huko pia humjulisha mteja pombe ni ya siku ya ngapi, na mwenye busara huuliza. Kando ya vilabu vya Dodoma mara nyingi kuna nyama choma na vibanda vya chakula. Mikutano ya ukoo, mapatano ya mifugo na habari za kazi za vibarua hupita hapo pia, hata kwa wasiokunywa.

Njaa na nafaka

Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mvua hiyo hukosekana mara kwa mara. Njaa kubwa inayokumbukwa Ugogo kwa jina la Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ilitokana na ukame na pia na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Katika nchi ya namna hiyo kila debe la mtama linaloingia chunguni ni swali. Watawala wa kikoloni walizuia upikaji wa pombe wakati wa upungufu wa chakula, na viongozi wa wilaya baada ya uhuru wametoa amri za namna hiyo pia.

Hoja ya amri hizo inaeleweka, lakini huacha upande mmoja. Kwa wanawake wengi wasio na ng'ombe wala ajira, hasa wajane na walioachika, pombe ndiyo njia ya kugeuza debe la nafaka kuwa fedha zaidi ya bei yake sokoni. Fedha hizo hununua nafaka nyingine, sare za shule na dawa. Makapi hulishwa nguruwe au kuku. Tena si kila mtama ni wa ugali: aina nyekundu zenye tanini nyingi ni chungu mdomoni, lakini ndege kama kwelea kwelea huzishambulia kidogo kuliko nyeupe, na hupendwa kwa pombe. Kwa upande mwingine, fedha inayonywewa kilabuni mara nyingi ni ya mume, na anayekosa chakula nyumbani ni mke na watoto. Mapato ya mama mmoja hutoka mfukoni mwa nyumba ya mama mwingine.

Usalama

Hatari iliyo kubwa kuliko inavyodhaniwa ni nafaka iliyoharibika. Kuna mazoea ya kutenga nafaka yenye ukungu au iliyolowa "kwa ajili ya pombe" kwa kuwa haifai ugali. Sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu wa nafaka, haiishi kwa kupikwa wala kwa kuchachuka kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ingawa kisa hicho kilihusu chakula. Kuhusu pombe, mfano mbaya zaidi ulitokea Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, ambako watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Mwanzoni ilisemwa ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni sumu ya bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika.

Viwanda

Nafaka ya Dodoma sasa inanunuliwa pia na viwanda: Tanzania Breweries Limited hununua mtama mweupe wa wakulima wa mkoa huo kwa ajili ya bia. Zabibu za Dodoma, zilizopandwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, huenda katika mvinyo, kinywaji ambacho tofauti na ujimbi kinaweza kungoja mnunuzi. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 baa za bia ya chupa zimeongezeka mjini, na bei ya viwanja imepanda. Kilabu kinachohitaji uwanja, kuni, maji na majirani wanaovumilia moshi hupata nafasi kwa urahisi zaidi pembezoni mwa jiji na katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa.